Jibu: Kumchezea bundi wa Sokoke mlio wake kwenye simu

Ndugu, umeuliza kama kuna ubaya kucheza mlio wa bundi mdogo wa Sokoke kwenye simu ili atoke umpige picha. Upo. Akisikia ule mlio anajua mwenzake kavamia eneo lake. Anaacha kuwinda, pengine anaacha hata mayai, aje kumfukuza adui ambaye hayupo. Wewe utacheza mara moja tu, sawa, lakini jana kacheza mwingine na kesho atakuja mwingine, njia ileile ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Na hana pa kuhamia: nje ya misitu ya pwani ya Kenya na Usambara Mashariki, Tanzania, hapatikani kwingine duniani. (Inaniuma zaidi kwa kuwa bundi tayari wanapigwa mawe wakiitwa mkosi.)

Tafuta kiongozi wa watalii wa hapohapo Gede, karibu na msitu. Wengi wanajua matawi anakolala mchana, hamtahitaji mlio wowote. Simameni mbali, msiwashe flashi, dakika chache zinatosha. Mkimwona amejinyoosha na kujibana mwili kama kijiti, ameshaogopa. Rudini nyuma polepole.