Galaksi ukiwa Malindi mjini: weka hizo pesa mfukoni

Wewe, usilipe hiyo filta! Umeuliza eti una 40,000, ununue filta ya kukata mwanga wa mji upige picha za galaksi juu ya nyumba yenu hapa Malindi. Mimi nishatoka huko, nimerudi pekupeku.

Nakaa Maweni, mulika mwizi iko hapo, usiku nachambua mchele nje bila tochi. Nikaona jamaa kwenye video, maneno matamu kama halua, ati bandika hii kwenye kamera mji unapotea. Nikatoa 38,000 na ushuru juu, mke nikamwambia ni kifaa cha kazi (kweli kina kazi, kinazuia karatasi zisipeperuke). Nikalenga galaksi ya Sombrero, ile inayoitwa pia M104, mwezi wa tatu kabla ya masika, saa saba usiku huku kwetu inapita karibu utosini. Nikapiga usiku kucha. Kutoa picha, doa jekundu jekundu kama chai iliyomwagikia kanzu, ule mkanda mweusi wa vumbi katikati hakuna.

Wiki nzima nikafuta lenzi nikidhani ni chumvi ya bahari, kumbe filta yenyewe. Inapitisha vijirangi viwili tu, vya haidrojeni na oksijeni, kwa hivyo wingu la gesi kama lile la Orion litatoka safi, na yule bazazi video zake zote alikuwa akipiga mawingu tu, galaksi hata moja hakuonyesha, nami kwa uroho sikuona. Galaksi ni mwanga wa nyota mabilioni, rangi zote, na taa za LED nazo rangi zote, sasa filta itajuaje hii ya barabarani na hii imesafiri miaka milioni 30? Inakata zote bana.

Galaksi haitaki filta, yataka giza. Hizo pesa tia mafuta. Mimi nilipanda boda mpaka Marafa usiku usio na mwezi, stendi ya mota, ile inayozungusha kamera ikifuata nyota, mgongoni, picha 200 za sekunde 30, nikazipanga pamoja kwa programu ya bure, na ule mkanda ukatokea umekaa kama wanja. Huwezi kutoka? Tundika leso kwenye kamba izibe mulika mwizi, piga hapo hapo bila filta, ila picha ziwe nyingi mno kuliko za gizani.

Filta ninayo bado, mtu wa Orion aje na 15,000. Wewe sikuuzii.