Je, pumzi tunayoitoa ni "hewa chafu"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Nimezoea kuwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba "binadamu huvuta hewa safi na kutoa hewa chafu", lakini mwenzangu anashikilia kwamba niandike "hewa ukaa". Je, hiyo si tofauti ya mtindo tu?

JIBU: Hapana, Mwalimu, tofauti ni ya maana. Katika matumizi ya kila siku, "hewa chafu" ni hewa yenye moshi, vumbi au harufu mbaya (na wanafunzi wako, bila shaka, wanayo maana yao nyingine inayowachekesha). Pumzi tunayoitoa haiko hivyo: bado ina oksijeni kama asilimia 16, kutoka 21 iliyokuwamo tulipoivuta, na hewa ukaa kama asilimia 4.

Kasoro kubwa zaidi ya kivumishi "chafu" ni kwamba kinaificha kazi ya hewa ukaa mwilini. Mwaka 1904, mtaalamu wa utendaji wa mwili Christian Bohr na wenzake, huko Copenhagen, Denmark, walionyesha kwamba hewa ukaa inapoongezeka katika damu, himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) hulegeza mshiko wake wa oksijeni. Misuli ya miguu ya mtoto anayekimbia huzalisha hewa ukaa kwa wingi, nayo huyeyuka katika damu na kuiongezea asidi kidogo, ndipo himoglobini inapoachia oksijeni palepale inapohitajika. Ndiyo maana nisingeandika kwamba hewa ukaa "hufukuza" oksijeni, kwani kitenzi hicho kinadokeza uadui. "Huachia", kwa himoglobini, kinatosha. Tena, mtu anayehema haraka kupita kiasi huipoteza mno hewa ukaa, mishipa ya damu ya ubongo ikabana, naye akashikwa na kizunguzungu ilhali damu yake ina oksijeni ya kutosha.

Neno "takamwili" silipingi, maadamu linataja ile ziada ya hewa ukaa ambayo mwili hauna budi kuitoa. Kwa ubao wako ningependekeza: "Binadamu huvuta hewa yenye oksijeni nyingi, na hutoa hewa yenye oksijeni pungufu na hewa ukaa zaidi." Katika madarasa ya juu unaweza kutumia "kabonidioksidi", mradi usiyachanganye majina hayo mawili katika somo moja bila kuwaeleza wanafunzi kwamba ni kitu kimoja.