Jikoni na Wasomaji: Nyama ya Nguruwe Iliyojazwa, Mkaa na Theluji

SWALI: Mhariri wa ukurasa wa mapishi, ninakusalimu. Mimi ni mzaliwa wa Moshi, na sasa ninaishi Saint Paul, jimbo la Minnesota, ambako mwezi Desemba theluji hufika magotini. Mwaka jana niliamua kwamba chakula cha sikukuu kisipikwe ndani kama kila mwaka, nikanunua nyama ya mgongo wa nguruwe isiyo na mfupa, kilo 2 hivi, nikaipasua, nikaijaza vikombe vinne vya pilau, nikaifunga na kuiweka juu ya jiko la mkaa lenye mfuniko lililoko uani. Baada ya saa moja nje ilikuwa imeungua, pilau limemwagikia motoni, na nilipokata katikati nilikuta nyama ya rangi ya waridi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Marangu, alikataa katakata kuila, ingawa mume wangu alisisitiza kwamba Wamarekani huila hivyo hivyo. Nani alikuwa na haki? Na je, nikilihamishia jiko ndani ya gereji ili kulikinga na upepo, kuna ubaya? — Mama wa Wawili, Saint Paul.

JIBU: Dada yetu, nitaanza na gereji, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri. Usilihamishe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mlango wa gereji ulioachwa wazi hautoshi kuiondoa. Hata mkaa unaoonekana kuwa umezimika huendelea kuitoa. Jiko libaki nje, mbali na kuta na madirisha, nawe ulikinge na upepo kwa kuchagua pembe ya ua ambayo nyumba yenyewe huikinga. Upepo, kwa kweli, ndio mwizi mkubwa wa joto kuliko baridi ya hewa iliyotulia.

Kuhusu ubishi wa mezani, mama mkwe wako hakukosea. Mwaka 2011 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilishusha kiwango cha joto la kuivishia nyama nzima ya nguruwe, isiyosagwa, kutoka nyuzi 160 za Fahrenheit hadi 145, yaani nyuzi 63 za Selsiasi, kisha nyama ipumzike kwa dakika 3 kabla ya kukatwa. Hapo rangi ya waridi inaruhusiwa, na bila shaka ndicho alichokisikia mume wako. Lakini nyama iliyojazwa haifuati kipimo hicho. Majimaji ya nyama mbichi huingia katika kijazo, nacho kipo mahali ambapo joto hufika mwisho kabisa, kwa hiyo katikati ya kijazo panapaswa kufika nyuzi 74 za Selsiasi, au 165 za Fahrenheit. Yako haikuwa imefika. Tena mama mkwe ameleta tahadhari ya nyumbani yenye sababu yake: mahali ambapo nguruwe huachwa kuzurura, kama ilivyoonekana Mbulu na Mbozi, nyama yao inaweza kuwa na lava (yaani mabuu) wa mnyoo aitwaye tegu, na ndiyo maana kwetu kitimoto hukaangwa hadi kikauke.

Sasa, kijazo kikidai nyuzi 74, nyama inayokizunguka itavuka 63 upende usipende, na kazi ya mpishi ni kuhakikisha kwamba haigeuki kuwa ubao. Iloweke kwanza ndani ya jokofu kwa saa 4 katika lita 2 za maji baridi yenye gramu 100 za chumvi na sukari kidogo, kisha ikaushe vizuri kwa kitambaa au karatasi ya jikoni. Ilaze ubaoni, upande wa mafuta ukiwa chini, upitishe kisu kwa urefu wake sentimita 2 hivi juu ya ubao, na uendelee kukata huku ukiikunjua kama mtu anayetandaza mkeka ulioviringishwa, hadi upate kipande kimoja bapa.

Pilau si kosa, ila vikombe vinne ni vingi mno, na wali ulioiva umekwisha kunywa maji yake, hivyo hauwezi kuyapokea majimaji ya nyama. Mimi ningetumia vikombe viwili vya mkate uliokaushwa na kukatwa vipande vidogo, kitunguu kilichokaangwa, tofaa moja, na bizari zile zile za pilau, kwa kuwa mdalasini na iliki hupatana sana na nguruwe. Tandaza tabaka jembamba, uache kingo wazi sentimita 3, uviringishe mafuta yakibaki nje, na ufunge kwa uzi wa pamba kila baada ya sentimita 3. Uzi wa nailoni utayeyuka. Ukishajaza, peleka motoni mara moja. Usijaze usiku ukapika kesho.

Kilichoiunguza nyama yako ni kuiweka juu ya mkaa wenyewe, na ninashuku kwamba baridi ilikushawishi uuongeze. Sukuma mkaa pande mbili, weka sinia la bati lenye maji katikati, na nyama ikae juu ya sinia hilo. Funika jiko tupu kwa dakika 20 kwanza ili chuma kipate moto, kisha ulinde joto la ndani ya jiko kati ya nyuzi 165 na 175 za Selsiasi kwa kutumia matundu ya hewa na kwa kuongeza mkaa kidogo kidogo, ambao umekwisha kushika moto. Kila unapofunua kuchungulia, katika baridi ya Minnesota unatupa joto ambalo litachukua dakika kadhaa kurudi. Kipande chako kitahitaji saa moja na nusu hadi mbili, pengine zaidi siku ya upepo, kwa hiyo saa ya ukutani isikuamulie. Chomeka kipimajoto kupitia ncha ya nyama hadi katikati ya kijazo.

Kikisoma 74, ingiza nyama ndani ya nyumba papo hapo, kwa sababu ukiiacha uani itapoa badala ya kupumzika. Ifunike kwa karatasi ya alumini kwa dakika 15, ukate vipande vya unene wa kidole, na uzi uutoe kadiri unavyokata. Vipande vya nchani huiva kupita vyote, wala havitakuwa na waridi hata chembe; hivyo mwekee mama mkwe.