Maswali Yenu: Rubani wa Ndege Ndogo na Mnara wa Kuongozea

Ndege naimudu vizuri, lakini nikibonyeza kitufe cha redio maneno yote yananitoroka. Nifanyeje?

Yanakutoroka kwa sababu unaanza kuyatafuta ukiwa umeshabonyeza. Yaandike kwanza kwenye karatasi ya pajani, kwa mpangilio huu: unamwita nani, wewe ni nani, uko wapi na kwa mwinuko gani, unataka nini. Redio ikiwa na shughuli nyingi, mwito wa kwanza uwe jina la kituo na jina lako la mwito tu. Akikuitikia ndipo utoe mengine: aina ya ndege, maili 10 kusini mwa kiwanja, futi 2,500, nakuja kutua, nina taarifa Bravo. Hiyo Bravo ni herufi ya matangazo yaliyorekodiwa ya hali ya hewa na njia ya kurukia inayotumika. Yasikilize mapema, ukiwa bado mbali, maana ukiitaja herufi hiyo unamwondolea mwongoza ndege kazi ya kukusomea upya upepo na QNH (kipimo cha shinikizo la hewa cha kupangia kipima mwinuko).

Halafu kuna vidole na midomo. Sikiliza kwanza usije ukamkata mtu kauli. Bonyeza, tulia nusu sekunde, ndipo useme. Anayebonyeza na kusema kwa pamoja humeza silabi ya kwanza, na hapo ndipo lilipo jina la kituo anachokiita. Kipaza sauti kikae milimita chache tu kutoka midomoni, kwa kuwa kimeundwa kufuta kelele za mbali; ukikishusha kidevuni, nawe utahesabiwa kelele. Kuhusu kasi, ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) inataka maneno yasizidi 100 kwa dakika, yaani polepole kuliko unavyodhani.

Mwalimu wangu hunikemea kila nikijibu "Roger". Kosa liko wapi?

"Roger" maana yake ni "nimepokea ulichosema", basi. Haisemi ndiyo, haisemi nitatekeleza, wala haionyeshi kwamba namba iliyoingia sikioni mwako ndiyo iliyotoka kinywani mwake. Hii ndiyo tabia mbaya kuliko zote za redioni, kwa sababu inasikika kama ya mtu aliyeelewa.

Yanayorudiwa neno kwa neno ni haya: ruhusa ya njia ya safari, ruhusa ya kutua, kupaa, kuingia, kuvuka au kusubiri nje ya njia ya kurukia pamoja na namba ya njia yenyewe, mwinuko, mwelekeo, kasi, QNH, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na masafa mapya. Upepo usiurudie, utajaza redio bure. Ukiambiwa "Hold short runway two seven" (subiri nje ya njia ya kurukia namba 27), jibu "Holding short runway two seven" kisha jina lako la mwito. Bila jina, mnara haujui ni nani aliyekubali kusubiri, na pengine kuna ndege nyingine yenye jina linalofanana na lako.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, rubani wa shirika la KLM alianza kupaa akiwa na ruhusa ya njia ya safari tu, si ya kupaa. Mnara ulisema "OK", kisha ukamwambia asubiri. Wakati huohuo ndege ya shirika la Pan Am ikawa inaeleza kwamba bado imo kwenye njia hiyohiyo ya kurukia. Redio za ndege zinatumia AM (mfumo mmojawapo wa kurusha sauti), kwa hiyo wawili wakisema pamoja hutokea mluzi. Marubani wa KLM wakasikia "OK" na mluzi. Ndege hizo mbili zikagongana, na watu 583 walikufa. Tangu hapo neno "take-off" limetengwa kwa ajili ya kutoa au kufuta ruhusa ya kupaa. Nawe ukiwa tayari sema "ready for departure", usiseme "ready for take-off".

Nikiambiwa "Stand by" (subiri), naweza kuendelea kuingia kwenye anga linaloongozwa na mnara?

Kwa kanuni za ICAO, hapana. Hujaruhusiwa wala hujakataliwa. Zunguka nje ya mpaka. Marekani ni tofauti kidogo: kwenye anga linaloongozwa la daraja C au D, ukijibiwa kwa jina lako la mwito, mawasiliano yamehesabika kuanza na unaweza kuingia, ila ukiambiwa ubaki nje. Daraja B bado linahitaji ruhusa ya wazi.

Naruka kwa kuona kwa macho. Nikipewa mwelekeo unaonipeleka winguni je?

Sema "Unable, due cloud" (siwezi, kuna wingu) mapema, kabla hujafika, na upendekeze upande unaoweza kwenda. Rada ya mwongoza ndege haimwonyeshi wingu kama wewe unavyoliona, na rubani mkuu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu usalama wa ndege. Vivyo hivyo ukiombwa upae haraka nyuma ya ndege kubwa, kataa. Subiri walau dakika 2 msukosuko wa hewa yake upungue.

Redio ikinyamaza ghafla nianze na nini?

Sauti, kisha tarakimu za masafa, maana mbili hupinduka kirahisi. Halafu plagi za hedifoni: ya sikio na ya kipaza ni tofauti, na goti la abiria linaweza kuchomoa moja. Tazama pia kama taa ya kurusha sauti inawaka bila wewe kubonyeza. Kitufe kilichokwama kinakuziba masikio wewe na wenzako wote kwenye masafa hayo. Jaribu redio ya pili, kisha rudi masafa ya awali. Mwinuko nao ni sababu: ukiwa futi 1,000 juu ya antena ya ardhini, mawimbi hufika kama maili 39 za baharini tu.

Ikishindikana kabisa, weka 7600 (namba ya redio kuharibika) kwenye transponda na utazame taa za mnara. Kijani isiyokatika: tua. Nyekundu isiyokatika: pisha, endelea kuzunguka. Kijani ya kumweka: rudi ujiandae kutua. Nyekundu ya kumweka: kiwanja si salama, usitue. Mchana unajibu kwa kuyumbisha mabawa.

Mafuta yakipungua, niombe kupewa kipaumbele?

"Kipaumbele" si neno la dharura. Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca namba 52 iliishiwa mafuta karibu na New York. Marubani walikuwa wameomba kipaumbele na kusema mafuta yanakwisha, lakini hawakutangaza dharura. Walikufa 73 kati ya watu 158.

Kama ucheleweshaji wowote zaidi utagusa akiba yako ya mwisho (kwa kawaida dakika 30 mchana), sema "Minimum fuel". Hiyo ni taarifa tu, bado si dharura. Ukishapiga hesabu ukaona utatua akiba hiyo ikiwa imeguswa, ni "Mayday, Mayday, Mayday, fuel" kwenye masafa uliyopo, au 121.5 (masafa ya dharura) ukikosa mtu, na 7700 (namba ya dharura) kwenye transponda kama hujapewa namba nyingine. Taja jina lako, mahali ulipo na unachokwenda kufanya. Ukiulizwa idadi ya watu huku mikono imejaa kazi, jibu "Stand by". Neno hilo ni lako pia.