Lancaster Mk I kuwa ya mabwawa: inawezekana, ila tumbo lina kazi

Ndugu, nimekuelewa: una seti ya plastiki ya kuunda mfano wa Lancaster Mk I (toleo la kwanza la ndege ya Uingereza ya kudondosha mabomu, Vita vya Pili vya Dunia), kipimo cha 1/72, na unataka itoke ndege ya Kikosi cha 617 cha jeshi la anga la Uingereza iliyobomoa mabwawa ya Möhne na Eder huko Ujerumani, Mei 1943.

Injini zisikusumbue. Ndege zile za mabwawa zilikuwa Mk III, zenye injini za Merlin zilizoundwa na kampuni ya Packard huko Marekani; kwa nje ni vigumu kuzitofautisha na Mk I. Ya kukwepa ni Mk II, yenye injini za Hercules, ambazo silinda zake zimepangwa kwa duara.

Shughuli iko tumboni. Milango ya mabomu iliondolewa, bomu lenye umbo la pipa likaning'inia nje, na kibanda cha bunduki cha mgongoni kikatolewa. Tafuta seti ya nyongeza ya resini (vipande vya plastiki ngumu ya kumiminwa); kuchonga mwenyewe ni mateso matupu.

Vioo vya rubani bandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Resini usiisugue kavu: tumia msasa wa maji, vaa barakoa, fungua madirisha. Kifua kikianza kubana, acha kazi umwone daktari.