Muthiga Sawa, Mwarubaini Ngoja Kwanza

Shangazi yangu anaishi Kayole, na kisukari anacho miaka tisa sasa. Mwaka jana jirani alimletea kichupa cha unga wa mwarubaini. Akawa anaukoroga kwa maji moto asubuhi na jioni, huku vidonge vya hospitali akimeza kama kawaida. Siku ya nne nilimkuta jikoni, jasho likimtiririka, mikono ikitetemeka, hata jina langu limempotea. Tulimnywesha chai ya sukari nyingi, akazinduka polepole. Kliniki waliposikia habari ya kichupa hawakuhitaji maelezo zaidi: mwarubaini nao hushusha sukari, na ukiongezwa juu ya vidonge unaweza kuishusha kupita kiasi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwa amemwambia daktari. "Angenigombeza," alisema. Basi agombeze. Ukiwa na dawa ya kila siku, ya sukari au ya presha, taja na mti unaokunywa. Mjamzito aachane na mwarubaini kabisa, na mtoto mchanga asinyweshwe mafuta yake.

Wala sibezi miti shamba. Mimi ni mtu wa muthiga, mti ambao gome lake ni dawa ya kifua. Baridi ya Julai ikinipiga kifuani natafuna kijipande cha gome, kama alivyofanya babu, nikimeza mate taratibu. Ila nanunua gome zima, si unga. Unga hauna sura. Utajuaje umesagwa kutoka nini? Gome la muthiga ukilitafuna linanyamaza kidogo, kisha linawaka kama pilipili na kuteremka na koo. Lisipowaka, umeuziwa kuni.

Mwuzaji mzuri hakasiriki ukimuuliza mti umetoka wapi. Wangu, mama mmoja wa Kariokor, hunieleza mpaka nichoke. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mti ukibanduliwa gome mzunguko mzima unakauka. Hayo yameikuta sana miti iitwayo miiri, ambayo gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume hadi Ulaya; tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nimepanda mche wa muthiga uani kwa sababu hiyo, maana hata majani yake yana ukali uleule.

Shubiri nayo ni nzuri kwa kidonda kidogo cha moto, lakini kwangu ni ya kupaka tu. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda ukiumeza utahara siku nzima. Usiniulize nimejuaje.

Na homa? Ukiwa umetoka Kisumu au Busia na mwili unachemka, nenda ukapimwe malaria siku hiyohiyo. Majani ya kuchemsha yatasubiri.

Kichupa cha shangazi hakikutupwa. Anasema anawapulizia kuku unga ule, na utitiri umepungua.