Kwa walinzi mnaopanda ndege ya Dubai mwezi wa saba

Kijana mmoja niliyemsaidia kujaza fomu hapa Kampala alinipigia juzi kutoka Sharjah, jirani na Dubai. Hana hata wiki kule, na tayari anajisifu: "Afande, nimepiga dabo, jana na leo." Dabo, yaani shifti mbili mfululizo, mwezi wa saba, posti ya geti! Nikamuuliza kichwa kinaendeleaje. Kinauma kidogo, lakini amemeza Panadol. Nikamgombeza mpaka salio likaisha, na hasira iliyobaki naimalizia hapa.

Wadogo zangu, kazi mnaijua. Kitabu cha matukio mnajaza vizuri, mtihani wa SIRA, wasimamizi wa walinzi Dubai, mtapita, saluti zenu ndiyo usiseme. Joto ndilo hamlijui. Mnadhani mmelizoea kwa sababu mmelinda benki Arua mwezi wa pili. Kampala iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ikifika nyuzi 30 watu wanaanza kuuliza dunia inaisha lini. Dubai, Julai na Agosti, nyuzi 40 na zaidi ni siku ya kawaida, halafu bahari inaongeza unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Lisipokauka linachuruzika bure, na wewe unazidi kuiva. Usiku nao msiutegemee, mara nyingi unagota kwenye nyuzi 30.

1. Siku za kwanza usijifanye simba. Mwili unahitaji wiki moja hadi mbili kuzoea, yaani ujifunze kutoa jasho mapema, kwa wingi, na bila kumwaga chumvi nyingi. Wataalamu wa usalama kazini wanashauri mgeni siku ya kwanza afanye asilimia 20 tu ya kazi ya joto, kisha aongezewe 20 kila siku. Najua, ratiba ya shifti haijui habari hizo. Basi omba lobi, omba chumba cha kamera, omba usiku. Wakongwe watakucheka. Waache wacheke, maana wengi wanaouawa na joto kazini huondoka katika siku hizo hizo za mwanzo.

2. Maji: kikombe kila baada ya dakika 20, kiu iwepo isiwepo, siyo lita mbili kwa mkupuo. Na ule chakula, kwa sababu chumvi ya jasho hairudi kwa maji matupu. Siku umelowa mpaka soksi, changanya ile dawa ambayo mama zetu huwapa watoto wakiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, achaneni navyo.

3. Jasho siyo cheti cha afya. Hapa nitakawia.

Nilikuwa kiongozi wa shifti kwenye mradi wa ujenzi. Akaja kijana kutoka Mbale, mrefu, mpole. Nikampanga geti la malori, kibanda cha bati chenye feni moja, kwa sababu wageni wote huanzia huko. Mimi pia nilianzia huko, nikaona ndiyo malezi. Saa nne asubuhi akaita redioni: kichwa kinamgonga, anaomba reliva, mtu wa kumpokea posti. Nikamjibu kila mtu akisikia kwamba baridi ya Mlima Elgon ameiacha kwao, hapa ni kazi. Redio nzima ikacheka.

Karibu na saa sita nikapita na gari. Nikamkuta amesimama, shati limelowa chapachapa, jasho linadondoka kidevuni. Nikaridhika. Kwenye mafunzo tuliambiwa mtu aliyepigwa na joto ngozi inakauka. Huyu analowa, basi ni mzima. Nikamuuliza lori la mwisho limeingia saa ngapi. Akaniangalia kitambo, akafungua kitabu, akaanza kuandika namba ya gari juu ya mistari aliyokwisha kuijaza, namba juu ya namba, mpaka karatasi ikachanika. Nikamfokea kwa kuchafua kitabu. Nikapanda gari, nikaondoka.

Baadaye kontroo, wale wa chumba cha redio, wakaita geti la malori. Jibu likaja kwa Kigisu. Wakaita tena, likaja Kigisu tena, polepole, kama mtu anayezungumza na dada yake jikoni. Kuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimekiona kile kitabu.

Tulimkuta chini, mwili moto kama sufuria, na jasho bado linamtoka. Mimi, kiongozi, nilisimama na simu natafuta namba ya ofisi niombe ruhusa ya kuita gari la wagonjwa. Aliyefanya kazi ni fundi bomba Mnepali: alimvua buti na shati, akambwagia maji ya barafu ya mafundi, akanirushia kipande cha boksi nipepee. Kijana alipona, ila figo zilimsumbua muda mrefu, wakamrudisha nyumbani. Tukionana ananisalimia vizuri kabisa. Nadhani hakumbuki kwamba saa sita nilipita.

Kwa hiyo angalieni akili ya mtu. Anayejibu ovyo, anayeyumba, anayekasirika bila sababu, mtoeni hapo hapo. Mmoja apige 998, namba ya gari la wagonjwa kule Dubai na Sharjah, mwingine amwagie maji na kumpepea. Asiyejitambua msimnyweshe kitu. Ruhusa ya ofisi itafuata.

4. Sheria ya mchana someni wenyewe kabla ya kusimuliwa. Emirati (Dubai na Sharjah zimo), kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, kazi za juani zinasimama saa sita na nusu hadi saa tisa. Qatar ni kuanzia 1 Juni, saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Kuwait, Juni hadi Agosti, saa tano hadi saa kumi.

5. Ukirudi kutoka likizo wewe ni mgeni tena. Mwezi mmoja wa matoke na mvua za Masaka unafuta mazoea yote, na wakongwe ndio wanaoanguka hapa kwa sababu wanaona aibu kuomba posti ya ndani.

6. Bafu. Kiangazi, bomba la maji baridi linatoa maji yaliyoshinda kwenye tangi la paani, yanaunguza kweli. Kama kempu yenu, yaani makazi ya wafanyakazi, ina hita ya maji, izimeni mwezi wa tano. Maji yaliyomo yanakaa ndani, mbali na jua, yanapoa, kwa hiyo mtu wa kuoga afungue bomba jekundu. Kutakuwa na mmoja chumbani atakayeiwasha kila asubuhi kwa mazoea ya kwao Kabale. Huyo mgombaneni naye mapema.